Nyumba ya Marehemu na Ramani ya Mwekezaji

Katika mitaa ya Tudor, Ganjoni na Kizingo, nyumba za wazee wetu zinaondoka moja baada ya moja. Ile nyumba pana yenye baraza mbele, ua nyuma, kisima na mwembe, iliyojengwa kwa jasho la mtu mmoja kwa ajili ya watoto wake, leo thamani yake haimo tena katika kuta bali katika kiwanja kilicho chini yake. Mwekezaji huja na ramani nzuri: nyinyi toeni ardhi, sisi tutatoa fedha, tusimamishe ghorofa, kisha tugawane fleti.

Hatusemi kuwa jambo hili ni baya. Kuta zilizoliwa na chumvi ya bahari hudai matengenezo kila mwaka, na mara nyingi mjane aliyebaki humo hana pato. Lakini tumeona jamaa wakiingia katika mapatano haya kwa furaha na kutoka wakiwa hawasalimiani, na chanzo kilikuwapo kabla mwekezaji hajabisha hodi: hatimiliki ingali kwa jina la marehemu.

Kwa hiyo mirathi hutangulia ramani. Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya kuiamua pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameridhia kufika mbele yake. Kaka mkubwa anayeshika funguo hana uwezo wa kutia saini kwa niaba ya wote. Yaulizwe pia mawili ambayo wengi huyasahau: je, kiwanja ni chetu, au ni nyumba bila ardhi kama zilivyo nyingi hapa Mombasa? Na je, babu hakukiweka wakfu? Kilicho wakfu hakirithiwi wala hakiuzwi.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Wazazi wake wamemtangulia. Baada ya gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi thuluthi, mjane hupata thumni, yaani sehemu 1 katika 8. Saba zilizosalia ni za watoto: kila binti 1, kila mwana 2. Mwekezaji akiahidi fleti 8, hesabu huonekana imejikamilisha yenyewe. Haijajikamilisha. Fleti ya juu ipatayo upepo wa Kusi hailingani na ile ya nyuma inayotazama ukuta wa jirani. Kinachogawanywa ni thamani, si idadi ya milango. Mthamini aliyesajiliwa na azithamini zote, na achukuaye iliyo bora awafidie wenziwe tofauti.

Hapa ndipo mabinti hudhulumiwa, na haya yao huwasaidia wadhalimu. Huletewa karatasi jioni, baada ya chakula, wakaambiwa ni saini tu ya kumrahisishia kaka kazi. Kujitoa katika mirathi kwa sulhu na malipo, ambako wanazuoni hukuita takharuji, kunajuzu kwa ridhaa. Lakini asiyejua kiwanja kina thamani gani ameridhia nini? Dada zetu, ombeni nakala, muisome na wakili wenu wenyewe, asiwe wakili wa mwekezaji. Mkiambiwa mmewavunjia ndugu zenu heshima, nyamazeni na msitie saini.

Tunaloliogopa kuliko yote ni hatimiliki kupelekwa benki. Mwekezaji asiye na fedha za kutosha huomba kiwanja chenu kiwe rehani ya mkopo wake. Tukiweka kando riba, ambayo peke yake yatosha kutuzuia, akishindwa kulipa benki itauza, na jamaa watabaki na shimo la msingi bila ardhi. Mkataba ukataze rehani waziwazi. Utaje muda wa kumaliza kazi, fidia ya kuchelewa, na kwamba kila fleti itapata hati yake, kama inavyowezekana chini ya sheria ya mwaka 2020 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo. Mkandarasi naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Na mama je? Tumesikia ya mpima ardhi kuingia uani na kamba zake hali mjane hajamaliza eda ya miezi 4 na siku 10. Hiyo ni pupa, nasi hatuna jina jingine la kuipa. Ajulishwe yeye kwanza, atakaa wapi wakati wa ujenzi, na kodi ya nyumba hiyo atailipa nani hata kazi ikichelewa mwaka mzima. Fleti yake itajwe kwa nambari ndani ya mkataba, na iwe ya chini, kwani umeme ukipotea lifti husimama, naye hawezi kupanda ngazi za ghorofa sita ili akaswali Magharibi kwake.