Tisa Haigeuzwi

Fumbo lenyewe unalijua. Visanduku vitatu vitupu, alama mbili za kujumlisha, jibu 30. Chini yake namba za kuchagua: 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15. Unaruhusiwa kurudia. Juu kuna maandishi mekundu: wenye akili tu ndio wataweza. Limezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp miaka na miaka, na hapa Mikese nimelikuta kijiweni kwa bodaboda, linapita simu hadi simu.

Huu ni utapeli. Namba zote zilizotolewa ni witiri. Witiri ukijumlisha na witiri unapata shufwa. Ongeza witiri ya tatu, umerudi kwenye witiri. 30 ni shufwa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukueleza hivyo bila kujaribu hata namba moja, na maelezo yake ndiyo jibu kamili: haiwezekani. Lakini huyo ndiye atakayeambiwa hana akili. Wenye akili, eti, wameigeuza 9 kichwa chini ikawa 6, wakapata 6 + 11 + 13. Wengine wanaweka alama ya mshangao baada ya 3, maana 3! ni 3 × 2 × 1, yaani 6. Wengine wanauokota mkato uliotenganisha namba na kuufanya desimali: 11,3 + 15,7 + 3. Huo ungepita Lubumbashi, ambako desimali huandikwa hivyo. Kwetu desimali ni nukta. Mkato ni wa maelfu.

Majibu matatu, kwa sheria tatu ambazo swali halikuzitaja.

Basi ipeleke hesabu hiyo kwenye mizani ya malori, hapahapa Mikese. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Dereva akipanda na tani 59, amwombe ofisa aigeuze hiyo tisa?

Wanaolitetea husema ni burudani tu, mbona hata vitendawili vyetu ni hila. Hapana. Mtega kitendawili hubisha hodi kwanza. Kitendawili! Nawe unaitikia Tega! ukijua kwamba kuanzia hapo nyumba huenda si nyumba. Ukishindwa unatoa mji, unaambiwa jibu, na wote mnacheka kwa sababu mnaona linavyoingia. Alama ya sawasawa haibishi hodi. Ikisema sawa, ni sawa.

Wala sichukii kujaza tarakimu. 4▢ + ▢7 = 91: tarakimu gani ukiiongeza 7 inaishia na 1? Ni 4 tu. Unabeba 1, na kwenye makumi nako inabaki 4. Mwingereza Henry Dudeney alichapisha SEND + MORE = MONEY mwaka 1924, kila herufi ikiwa tarakimu yake. Karne imepita, jibu bado ni moja: 9567 + 1085 = 10652. Hakuna aliyelazimika kupindua karatasi.

Hisabati ni somo ambalo vijana wetu wa kidato cha nne wamelifeli kwa wingi mwaka hadi mwaka. Binti wa dada yangu yuko kidato cha pili. Juzi nilimwandikia x + 7 = 12. Hakushika kalamu. Aliniangalia, akauliza, "Mjomba, hapa mtego uko wapi?" Nikamwambia hakuna. Hakuniamini.

Likifika tena kwenye grupu lako, andika haiwezekani, na chini yake sababu. Admini akikutoa, toka.