Mfalme Arthur, Meza ya Duara, na hadithi zetu zisizo na isnadi



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu wazazi, katika kikao cha wazazi cha madrasa yetu hapa Buyenzi kulizuka mjadala mkali kwa sababu ya kitabu. Mtoto mmoja alikuja nacho kutoka shuleni, kimeandikwa kwa Kifaransa, nacho ni cha hadithi za Mfalme Arthur wa Uingereza na mashujaa wake wapanda farasi waliokuwa wakikaa naye kwenye Meza ya Duara. Ndani yake mna upanga uliochomolewa kutoka kwenye jiwe, mna mchawi aitwaye Merlin, na mna kikombe kitakatifu kinachotafutwa nchi nzima. Mzazi mmoja akasema kitabu kichomwe, kwani kina sihiri na ukafiri. Wa pili akasema hizo ni hadithi tu, mwacheni mtoto. Wa tatu akasema dawa ya moto ni moto: na sisi tuwasimulie watoto mashujaa wetu, tena kwa mbwembwe zaidi, ili wasitamani wa wenzetu.

Sisi tunasema wote watatu wamekosea, na aliyekosea zaidi ni huyo wa tatu. Tena tunalisema hilo kwa aibu, kwa sababu ni sisi walimu tuliomfundisha kosa lake.

Tuanze na Arthur mwenyewe. Tumpime kwa mizani ambayo watoto wa madrasa wanaijua: isnadi. Nani kasema? Kaipata kwa nani? Na huyo wa mwanzo alikuwapo?

Inasemwa kuwa Arthur aliishi miaka ya 500 hivi, wakati Warumi wameshaondoka Uingereza na Wasaksoni wanaingia. Mtawa Gildas, aliyeandika katika karne ya 6, anavitaja vita vya Badon, ambavyo baadaye alipewa Arthur, lakini jina la Arthur halimo. Bede, aliyekamilisha tarehe yake mwaka 731, naye hamtaji. Arthur anakuja kuonekana katika kitabu cha Kilatini kilichotungwa Wales yapata mwaka 829, yaani miaka 300 baadaye. Hata hapo haitwi mfalme, anaitwa kiongozi wa vita. Anapewa vita 12, na katika vile vya mwisho tunaambiwa aliua watu 960 kwa shambulio moja, yeye peke yake! Ndugu mzazi, hebu uipime habari hiyo kwa akili yako.

Kisha yapata mwaka 1136 akaja Geoffrey wa Monmouth, akamfanya Arthur mfalme mkubwa anayezishinda nchi hata akapigana na Warumi. Alipoulizwa ushahidi ni upi, jibu lake lilikuwa tayari ndani ya kitabu chake: eti alipewa kitabu cha kale sana na kasisi mmoja wa Oxford. Kitabu hicho cha kale hakijaonekana mpaka leo. Baada ya hapo kila msimulizi akatia chumvi yake. Meza ya Duara aliileta Wace mwaka 1155. Lancelot na jumba la Camelot walikuja na Mfaransa Chrétien de Troyes baada ya mwaka 1170, naye ndiye aliyeanzisha habari ya kikombe, akafariki hajaimaliza. Yapata mwaka 1200 Robert de Boron akasema kikombe hicho kilikuwa cha Nabii Isa (A.S.), na katika simulizi zake ndimo ulimozuka ule upanga wa kwenye jiwe. Thomas Malory akayakusanya yote akiwa gerezani, akamaliza mwaka 1469 au 1470, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1485. Karibu miaka 1000 imepita, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemwona mtu huyo.

Na uongo ukishapendwa, hutafutiwa vielelezo. Nyumba ya watawa ya Glastonbury iliungua mwaka 1184, wakahitaji fedha za kujenga upya. Mwaka 1191 wakatangaza kuwa wamelichimbua kaburi la Arthur, tena na msalaba wa risasi wenye jina lake! Wageni wakamiminika. Mwaka 1278 Mfalme Edward wa Kwanza, ambaye alikuwa ametoka kupigana na Waislamu Palestina mwaka 1271 na 1272, akasimamia mwenyewe mifupa hiyo izikwe upya kwa heshima. Na huko Winchester imetundikwa ukutani meza kubwa ya mti wenye upana wa mita 5.5 hivi, yenye majina ya mashujaa. Watu waliiamini kwa karne nyingi. Mwaka 1976 wataalamu walipoipima waliikuta ni ya karne ya 13, zaidi ya miaka 700 baada ya Arthur anayesemwa.

Je, kitabu kichomwe? Hapana. Mtoto ukimchomea kitabu atakisoma kwa jirani, tena kwa hamu zaidi, nawe hutakuwapo kumweleza. Je, aachwe tu? Hapana vile vile. Mzazi unapaswa kujua kuwa katika hadithi hizo uchawi wa Merlin ni jambo la kusifiwa, na sisi tunajua sihiri ina hukumu gani katika dini yetu. Ujue pia kuwa yumo Mwarabu mmoja shujaa, jina lake Palomides, ambaye kwa Malory hatimaye anabatizwa, na kwamba mwishoni mwa kitabu hicho baadhi ya mashujaa waliobaki wanakwenda kufa wakipigana na Waturuki. Kaa na mwanao, someni pamoja, kisha mfundishe kuuliza: nani kakuambia?

Sisi tulifanya hivyo darasani, na hapo ndipo tulipokamatwa.

Tulipomaliza kuwaonyesha watoto jinsi habari ya Arthur isivyo na isnadi, msichana mmoja wa miaka 11 akainua mkono. "Maalim, na ile habari uliyotusimulia kwenye Maulidi, ya Sayyidna Ali kupigana na majini kisimani, isnadi yake ni ipi?"

Darasa likanyamaza, na sisi tukanyamaza. Habari hiyo tuliisikia kwa walimu wetu tukiwa wadogo, nasi tumeisimulia zaidi ya miaka 20. Tulipofungua vitabu tukakuta Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, amekwisha kusema katika tarehe yake kuwa habari ya kisima hicho haina asili, ni utunzi wa wasimulizi. Basi tulikuwa tunamcheka Geoffrey wa Monmouth, kumbe na sisi ni wenzake.

Wala si kisima hicho peke yake. Tunao Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, fahari ya lugha yetu. Unasimulia vita vikubwa na Herekali mfalme wa Rumi, na Sayyidna Ali yumo akifyeka majeshi. Lakini sira inatuambia Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda Tabuk mwaka 630 hapakupiganwa vita na Warumi, na Sayyidna Ali aliachwa Madina kuangalia jamaa. Utendi ule tuuheshimu kama utendi. Ubaya ni kuusimulia mimbarini kama sira.

Na ile barua ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (S.A.W.), aliyeota ndoto kuwa Kiyama kimekaribia? Mwaka 1908 ilienea Lindi na miji mingine ya pwani, katika koloni la Wajerumani ambalo Burundi yetu nayo ilihesabiwa ndani yake, ikatia watu hofu kubwa. Leo inatufikia kwa simu: itume kwa watu kadhaa utapata kheri, usipoituma utapata msiba. Wangapi kati yetu wameituma kabla ya kuuliza huyo Sheikh Ahmad ni nani?

Kuna watakaosema: "Maalim, hadithi hizo zinawatia watoto mapenzi ya dini, kuna ubaya gani?" Hoja hii si mpya, na wala jawabu lake si jipya. Mwishoni mwa karne ya 12, wakati watawa wa Glastonbury wanaonyesha kaburi lao, Mwingereza William wa Newburgh alisema wazi kuwa Geoffrey ametunga uongo. Wakati huo huo, Baghdad, Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, alikuwa akikusanya hadithi za kuzuliwa na kuwakemea wasimulizi wanaowaliza watu misikitini kwa habari zisizo na asili. Tofauti ni hii: William alikuwa na akili yake tu, ilhali Ibn al-Jawzi alikuwa na elimu nzima ya isnadi nyuma yake. Imam Muslim aliitanguliza Sahihi yake kwa maneno marefu juu ya jambo hili. Qur'ani katika Surat al-Hujurat imetuamrisha kuihakikisha habari. Basi sisi wenye mizani tunapimaje kwa macho?

Ubaya, ndugu mzazi, ni huu. Mtoto hakui akiwa mjinga daima. Iko siku atagundua kuwa habari ya kisima ni ya uongo. Siku hiyo hatauliza kisima peke yake. Atauliza: na Badri je? Na Hijra je? Na Miraji je? Nasi tutakuwa tumemfundisha kwa kinywa kile kile, kwa sauti ile ile, ya kweli na ya kuzuliwa. Aliyemwekea sumu ya shaka si mwandishi wa Kifaransa. Ni sisi.

Wala hatuna dhiki ya mashujaa hata tuwazue. Chrétien aliposhika kalamu kumwandika shujaa asiyekuwapo, Salahuddin al-Ayyubi alikuwa hai. Bwana aliyemtungia Chrétien hadithi ya kikombe, Philip wa Flanders, alifia Akka mwaka 1191 akiwa katika jeshi lililopigana na Salahuddin. Na habari za Salahuddin aliziandika kadhi wa jeshi lake, Bahauddin bin Shaddad, aliyekuwa naye safarini na vitani tangu mwaka 1188. Anasema alipofariki mwaka 1193, katika hazina yake zilikutwa dirhamu 47 na dinari moja. Huyo ni mfalme, na aliyesimulia alikuwapo. Upanga wa kwenye jiwe unashinda wapi dirhamu 47?

Kwa hiyo tumeamua mambo matatu katika madrasa yetu, nanyi wazazi tunawaomba mtusaidie. Kila mwalimu anayesimulia kisa atataja kimetoka kitabu gani. Asiyejua aseme sijui, na mtoto anayeuliza asikemewe. Na hadithi za kutungwa, ziwe za Arthur au za kwetu, zisomwe kwa jina lake la hadithi.

Yule msichana tulimwita mbele ya wenzake siku iliyofuata, tukamwambia: "Mwanangu, ile habari haina asili. Mwalimu wako alikosea." Wengine walisema tumejivunjia heshima. Sisi tunaona ile ndiyo isnadi ya kwanza aliyoipata kwetu.

Tunamuomba Allah atusamehe tuliyoyasimulia bila ya elimu, na awajaalie watoto wetu kuipenda haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.