Mama akisema "anakoroma", nani wa kumsikia?

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuweke kando habari za maji na vyoo, tuzungumze jambo ambalo lipo katika nyumba zetu nyingi na halitajwi.

Miaka kadhaa nyuma alikuja kituoni kwangu mama mmoja mtu mzima, kaongozana na kijana wake aliyeshikwa na arosto. Wasiolijua neno hili, ni yale mateso ya mtu aliyezoea unga anapoukosa: kamasi, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Mama akanieleza kwamba usiku ule alipiga namba moja ya msaada aliyopewa na jirani. Aliyepokea akamuuliza jina, kisha umri wa kijana, kisha mtaa wanaokaa. Hapo kwenye mtaa, mama akakata simu. "Dokta, mie nilidhani wanatuma polisi," aliniambia.

Kisa hicho hunijia kila ninaposoma habari za wasomi wanaofanya shahada za uzamivu juu ya akili mnemba, wengine huiita akili bandia, na namna ya kuitumia kuboresha simu za ushauri kwa waraibu. Wengi wetu tukisikia hivyo tunadhani ni kompyuta itakayopokea simu na kutoa nasaha. Ipo ya namna hiyo, nitaifikia. Lakini utafiti wenye faida zaidi, kwa maoni yangu, ni ule ambao mashine haimsemeshi mgonjwa hata neno moja.

Mwaka 2015 Bo Xiao na wenzake huko Marekani walichapisha katika jarida la PLoS ONE kazi yao juu ya ushauri kwa watumiaji wa pombe na dawa za kulevya. Kompyuta ilisikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa, ikayageuza kuwa maandishi, kisha ikapima ni kwa kiasi gani mshauri anamwelewa mtu kwa hali yake. Alama zake zikalinganishwa na za wataalamu waliosikiliza kwa masikio yao. Uwiano ulikuwa 0.65, ambapo 1 ndiyo kulingana kabisa. Si haba, ingawa pia si kauli ya mwisho.

Zingatia hapo: anayepimwa ni mshauri, si mgonjwa. Tangu William Miller alipoandika mwaka 1983 juu ya namna ya kuzungumza na walevi, inajulikana kwamba mraibu anayehojiwa kama mtuhumiwa hujifunga, na anayeulizwa swali la wazi, kisha akarejeshewa maneno yake kwa upole, huanza mwenyewe kusema anataka kuacha. Shida ni kwamba msimamizi hawezi kusikiliza simu zote. Mashine inaweza, na asubuhi ikamwambia: simu hii ilikatwa baada ya swali la tatu, hebu isikilize. Laiti ile simu ya mama yule ingepata wa kuisikiliza.

Sasa ije ile inayojibu yenyewe. Mwaka 2023 jumuiya moja ya Marekani inayohudumia wenye maradhi ya ulaji, yaani wanaojinyima chakula hadi kudhoofu na mfano wao, iliamua kufunga simu yake ya msaada iliyodumu zaidi ya miaka 20. Ilikuwa pia na programu ya kujibu ujumbe iitwayo Tessa. Haukupita muda watu wakaeleza kwamba Tessa inawashauri kupunguza uzito na kuhesabu chakula wanachokula. Ushauri huo kwa mgonjwa wa aina ile ni sumu. Wakaizima. Hilo linanitosha kusema simu ya mama saa nane usiku ipokewe na binadamu.

Lakini mashine ikae nyuma ya binadamu huyo, imnong'oneze. Wahudumu wa Crisis Text Line, huduma ya Marekani ya kuwasaidia kwa ujumbe wa simu watu waliofikwa na dhiki, walipochambua jumbe zao kwa kompyuta waligundua kuwa jina la dawa ya maumivu kama ibuprofen liliashiria hatari kuliko hata neno lenyewe la kujiua. Neno la hatari si lile tunalolitarajia. Na kwetu ni lipi? Mama wa Kiswahili hasemi "heroini". Atasema "mtoto kaharibikiwa", "yale mambo yao", "kete". Kisha atasema, kwa utulivu kabisa, "sasa hivi kalala, anakoroma."

Ndugu msomaji, hapo ndipo pa kushtuka. Aliyezidisha unga hukoroma kwa sauti nzito, pumzi zake zinachelewa, midomo inageuka rangi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, ukimtikisa haamki. Na hatari ni kubwa zaidi kwa aliyejizuia mwezi mzima wa Ramadhani, au aliyetoka jela au soba hausi. Mwili umeshasahau, kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua siku ya Idi. Msimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, ambako kama ipo watampa naloksoni, dawa inayozuia nguvu za unga.

Mashine iliyofunzwa kwa Kiingereza cha Marekani haitaijua "arosto", wala haitashtuka kwa "anakoroma". Kwa hiyo vijana wetu wa vyuo wanaotafuta mada ya uzamivu, kazi ndiyo hiyo: kukusanya Kiswahili cha maskani na cha mama zetu, mshauri akumbushwe papo hapo kuuliza, "amekaa siku ngapi bila kutumia?"

Ila kukusanya huko kuna amana. Huduma hiyo hiyo ya Crisis Text Line ilikuwa ikiipa kampuni ya biashara mazungumzo ya watu, ingawa majina yameondolewa, na ilipofichuliwa Januari 2022 ikaacha. Wao walisema watumiaji walikubali masharti. Nani husoma masharti akiwa analia? Anayetaka kurekodi aseme kwa kinywa, kabla, na mtu akikataa asaidiwe vile vile.

Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Kenya ni 1192. Ukipiga, anza na pumzi za mgonjwa na siku alizokaa bila kutumia, mengine yatafuata. Na kama ni arosto tu, mjue kwamba methadoni inatolewa Muhimbili tangu mwaka 2011, na vituo vimeongezeka. Yule kijana alianza kwa kwenda na mama yake kila asubuhi. Baadaye akawa anakwenda peke yake.