Bei ya Kukaribishwa na Bei ya Kukaa

Mzazi wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, aliyempeleka mwanawe kusoma Mwanza, hujikuta na gharama ambayo wazee wetu hawakuijua: gharama ya kujuliana hali. Kwa ajili yake makampuni ya simu hutuletea vifurushi, na mwenye laini mpya, au aliyeitupa laini yake kwa muda mrefu, huahidiwa dakika maradufu kwa bei ileile. Mwisho wa tangazo huwapo maneno tuliyoyazoea kiasi cha kutoyasoma: vigezo na masharti kuzingatiwa. Sisi tunaona hayo ndiyo ya kusomwa kwanza.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme kifurushi cha wiki cha shilingi 1,000 kinatoa dakika 100 katika mwezi wa kwanza, na dakika 50 baada ya hapo. Mnunuzi hujiona amepata dakika kwa shilingi 10. Lakini mkulima anayeshinda shambani na kupiga simu baada ya Magharibi tu, pengine hutumia dakika 20 kwa wiki nzima. Zilizosalia hufutika muda ukiisha. Basi ndani ya mwezi wa ofa dakika moja imemgharimu shilingi 50, na ofa ikiisha ni 50 hizo hizo. Punguzo limepita kando yake. Mwenye kufaidika ni mfanyabiashara wa mahindi anayezimaliza zote 100, naye ndiye atakayeumia mwezi wa pili, wateja wakiwa wamekwisha kuizoea namba yake mpya.

Zamani watu waliikwepa hali hii kwa kukusanya laini, kila ofa na laini yake. Usajili wa alama za vidole ulipokamilishwa Januari 2020, na mipaka ya idadi ya laini kwa kila mtandao ikawekwa Julai mwaka huo, mlango huo ukawa mwembamba. Upo mwingine: tangu Machi 2017 mteja aweza kuhama mtandao na namba yake ileile. Hata hivyo, haki ya kuhama humfaa yule ambaye mnara wa pili unamfikia. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili minara ipelekwe vijijini ambako biashara peke yake isingeipeleka.

Si kila punguzo ni chambo, na ni dhulma kusema hivyo. Gharama ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokea simu zake ilishushwa na Mamlaka ya Mawasiliano kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Punguzo la namna hiyo lina msingi, na dakika za mitandao yote zilipata nafuu ya kweli.

Lakini bei yaweza pia kugeuka ghafla. Ijumaa ya Aprili 2, 2021 wananchi waliamka wakakuta vifurushi vimepanda mno kufuatia utaratibu mpya. Malalamiko yakawa makubwa, na serikali ikaagiza bei za awali zirejeshwe. Wanazuoni wa fiqhi huiita gharari ile hali ya mnunuzi kutojua hasa anachokinunua. Kifurushi ambacho muda na idadi ya dakika zake vimetajwa wazi hatuwezi kukiita hivyo, mnunuzi ameridhia. Kinachotutia shaka ni ofa isiyotaja siku ya kwisha kwake wala bei itakayofuata.

Kwa hiyo, kabla ya kujiunga, familia na iandike kwa wiki mbili dakika ilizotumia kweli, na mitandao ya wale inaowapigia. Kisha muulizeni wakala jambo moja tu: mwezi ujao itakuwa shilingi ngapi? Akikosa jibu, laini ya zamani bado ina salio.