Usiniambie Mtandao Unasumbua

Niambie, msomaji, ni mara ngapi umeambiwa mtandao unasumbua?

Umejaza fomu. Umeandika jina la baba, la mama, la kata na la kijiji. Umeandika namba ya NIDA, tarakimu zote 20, ukizihesabu kwa kidole. Umepakia vyeti. Umebonyeza "Tuma". Kiduara kimezunguka, kikazunguka, kikazunguka tena, halafu fomu ikarudi mbele yako nyeupe kana kwamba hukuwahi kuigusa. Hakuna kosa lililotajwa. Hakuna namba ya kumbukumbu. Umepiga simu, ukaambiwa mtandao unasumbua, jaribu usiku. Ukajaribu usiku.

Mimi nimechoka. Natengeneza mifumo ya aina hiyo hapahapa Arusha, ndiyo kazi inayonilisha. Najua kinachoendelea nyuma ya kile kiduara. Na ninakwambia si mtandao.

Mtoto wa dada yangu anaishi Leguruki, upande wa mashariki wa Mlima Meru. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi kwenye ofisi fulani alikaa na simu yake tangu jioni. Alikuwa na bando. Alikuwa na chaji. Alikuwa na viambatisho vitatu alivyovipiga picha vizuri mezani, kila kimoja kama megabaiti 4, kwa sababu simu za siku hizi ndivyo zinavyopiga. Akatuma mara nne. Mara nne fomu ikarudi tupu. Katikati ya majaribio hayo alinitumia faili hizohizo kwa WhatsApp, faili kamili, hazikupunguzwa hata chembe. Zote tatu zikafika. Mtandao gani huo unaonifikia mimi na kushindwa kuifikia ofisi?

Saa sita usiku dirisha likafungwa. Kesho yake akaniambia, "Mjomba, nadhani nilikosea kubonyeza."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Hakukosea kitu.

Sikiliza jinsi ilivyo, maana jambo hili si uchawi. Mifumo mingi imeandikwa kwa lugha iitwayo PHP. Inapotoka kiwandani, lugha hiyo imewekewa mipaka miwili: faili moja lisizidi megabaiti 2, na mzigo wote wa fomu usizidi megabaiti 8. Mipaka hiyo inabadilishwa kwa kugusa mistari miwili ya maandishi. Dakika moja. Asipoigusa mtu, inabaki kama ilivyokuja. Sasa binti wa Leguruki anatuma vyeti vitatu vya megabaiti 4. Ni 12. Mzigo umepita mpaka. Unadhani PHP inafanya nini? Inamwaga vyote. Haimwagi vyeti peke yake, inamwaga na jina, na namba ya NIDA, na kijiji, na kila alichoandika. Programu iliyoandikwa na mtaalamu inaletewa sinia tupu. Kama mtaalamu huyo hakujisumbua kuuliza kwa nini sinia ni tupu, programu inadhani hakuna aliyetuma kitu, inaonyesha fomu upya.

Na kuna la kuuma zaidi. Seva, kompyuta inayopokea fomu yako, huwa imejua. Imeandika mstari mmoja kwenye daftari lake la makosa: mzigo wa baiti kadhaa umezidi mpaka. Mstari upo. Hakuna anayeusoma.

Hakuna anayeusoma!

Sisi wa mifumo kila kinachotoka kwenye simu yako kwenda kwenye seva tunakiita ombi. Neno zito hilo, na wazee wa Meru wanajua uzito wake. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwafukuza watu takribani 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza ombi la watu wake. Ardhi hawakurudishiwa na mkutano ule. Lakini ombi lilipokelewa, likaandikishwa, likasikilizwa, likapigiwa kura. Lilivuka bahari likafika kwa watu wenye masikio. Leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, binti wa vilima vilevile anatuma ombi lake kwenye ofisi ya nchi yake mwenyewe, na ofisi haijui hata kama alituma.

Na wewe umelala. Unasema "labda simu yangu ni ya kizamani." Unasema "labda sijui kompyuta." Unajilaumu kwa kosa la mtu mwingine, halafu unavaa viatu unakwenda steshenari kulipa ili mtu akupunguzie ukubwa wa faili.

Twende basi steshenari, maana huko ndiko jambo hili linakonuka.

Nimekaa kwenye duka moja la namna hiyo hapa mjini, nikisubiri kuchapisha karatasi zangu. Foleni ilikuwa ya watu saba. Kijana wa dukani alikuwa mchapakazi, mwenye adabu, simlaumu kwa lolote. Anachukua simu ya mteja, anachomeka waya, anavuta picha, anaipunguza, anapakia, "ada yako tafadhali," mteja mwingine. Nikatazama kioo cha kompyuta yake. Kimejaa faili toka juu hadi chini. Cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa mpya. Kitambulisho mbele. Kitambulisho nyuma. Kidato cha nne. Barua ya mtendaji. Majina kamili ya watu, sura zao, saini zao, namba zao. Mtu yeyote mwenye flashi na dakika tatu angeondoka na maisha ya nusu ya kata. Watu wale wameacha utu wao kwenye kompyuta ya duka kwa sababu kuna mtu mahali fulani hakubadilisha namba mbili.

Unauona urefu wa mnyororo huo? Mistari miwili iliyoachwa kwenye seva, na mtu asiyejulikana anakopa pesa kwa jina la mama wa Ngaramtoni. Maji yakimwagika hayazoleki. Nywila unaweza kuibadilisha. Tarehe yako ya kuzaliwa utaibadilisha vipi? Jina la mama yako utalibadilisha?

Usidhani basi kwamba dawa ni kufungua mlango na kupokea kila kitu. La. Mifumo hii inakataa pasipotakiwa, na pasipotakiwa inaamini kama mtoto mchanga.

Kuna mtaalamu anayepokea faili na kulihifadhi kwa jina lilelile lililokuja nalo. Fikiri kidogo. Watu wangapi nchi hii wameliita faili lao "cheti"? Wa kwanza anatuma cheti, kinawekwa. Wa pili anatuma cheti, kinakaa juu ya kile cha kwanza, na cha kwanza kimekwenda. Yule wa kwanza ataitwa mdanganyifu siku ya usaili: mbona cheti si chako?

Kuna anayepanga vyeti kwa namba zinazofuatana, 501, 502, 503, kwenye folda iliyo wazi kwa dunia nzima. Wewe ni 502. Jirani yako akibadilisha tarakimu moja kwenye anwani anasoma cheti chako. Hahitaji kuvunja kufuli, kwa kuwa kufuli halipo.

Kuna anayeamini neno la mgeni. Faili linakuja limejitambulisha, "mimi ni picha," naye anasema karibu picha, bila kufungua kuona ndani. Kumbe ndani ni programu. Inakaa kwenye folda ambako seva imeruhusiwa kuendesha programu. Mwenye faili anaiita kwa anwani yake, nayo inaamka. Kuanzia hapo seva ina bwana mwingine.

Na kuna yule anayechukua kila kilichomo kwenye ombi na kukimwaga moja kwa moja kwenye hifadhidata. Fomu ilikuuliza jina na anwani tu. Mjanja anaongeza uga ambao fomu haina: hali, imekubaliwa. Mfumo unapokea, unaandika, unashukuru. Wewe uliyesubiri kwa haki unaendelea kusubiri. Udhaifu wa aina hiyo ndio kijana Mrusi, Egor Homakov, aliouonyesha kwenye GitHub, tovuti ambako watengeneza programu huhifadhi kazi zao, Machi 2012. Aliongeza uga mmoja, akajipa ruhusa ya kuandika kwenye mradi wa Ruby on Rails, fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea mifumo, ambayo GitHub yenyewe ilijengwa kwayo. Dunia nzima ya watengeneza programu ilishtuka. Ni zamani sasa, na bado napewa mifumo ya kukarabati yenye tundu lilelile.

Utaniambia hayo ni ya Wazungu. Hata hao Wazungu hawakupona; sikiliza la Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza historia za mikopo ya watu. Ilitumia fremuweki iitwayo Apache Struts, na sehemu iliyokuwa na ufa ni hiihii tunayoizungumza, sehemu inayopokea mafaili. Ukiipelekea maelezo ya uongo kuhusu aina ya mzigo, inayatii kama amri. Dawa ilitolewa Machi 2017. Kampuni haikuitumia. Mei wezi wakaingia. Taarifa za watu takribani milioni 147 zikachukuliwa. Wale wana pesa, wana mawakili, wana majengo ya vioo, na ufa mmoja uliwaangusha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tutaujenga kwa fedha za nani?

Wenzangu wa kazi, nawageukia ninyi sasa, maana siwezi kumlaumu binti wa Leguruki nikawaacha ninyi mnaokunywa kahawa Njiro. Msiniambie ni vigumu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Fremuweki tunazozitumia zimeshaundwa na watu waliofikiri kabla yetu. Laravel ukiiambia ihifadhi faili inalipa jina jipya lisilogongana na lingine. Django ikikuta jina limeshatumika inabadilisha jina la mgeni. Zote mbili zina namna ya kutaja nyuga unazozitaka, ukaacha nyingine zote nje. Zote zina namna ya kupima ukubwa na kumwambia mtu kwa Kiswahili kilichonyooka: picha yako ni kubwa mno, mwisho ni megabaiti 10, na yale uliyoandika tumeyahifadhi, usianze upya. Kila kitu kipo. Kilichokosekana ni mtu anayejali aliyeko upande wa pili wa simu.

Na wataalamu wapo. Tuna chuo cha ufundi mjini, tuna Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro, tuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Vijana wanafundishwa. Kisha anakuja mkubwa anasema mfumo uwe tayari Ijumaa kwa sababu kuna uzinduzi na keki. Nani atajaribu kutuma picha ya megabaiti 4 siku ya keki? Unajaribiwa kwa faili dogo, kwenye kompyuta ya ofisini, na mtu aliyeuandika. Unafanya kazi. Makofi.

Zamani ofisi ilikuwa na masijala. Wenye umri wangu mnakumbuka. Karani alipokea bahasha, akaifungua mbele yako, akahesabu: barua moja, vyeti viwili, picha mbili. Kikikosekana kimoja alikwambia papo hapo, wala hakukutupia bahasha nzima usoni. Cheti chako hakukiweka juu ya cha mwenzako, kila mtu alikuwa na jalada lake na namba yake. Akagonga muhuri, akaandika kwenye rejista, akafungia kwenye kabati la chuma na ufunguo akatia mfukoni. Hatukuwa na seva. Tulikuwa na mtu aliyejua kwamba kilichomo mkononi mwake ni ombi la mtu.

Hayo ndiyo ninayoyadai. Sidai akili bandia, sidai mambo ya angani. Nadai masijala.

Na sheria iko upande wako, wewe uliyelala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Anayekusanya taarifa zako ana wajibu wa kuzilinda, na wewe una mahali pa kupeleka malalamiko. Umewahi kulalamika? Hata mara moja? Mficha uchi hazai. Piga picha kioo cha simu fomu inaporudi tupu. Andika saa. Andika tarehe. Andika ofisi barua, uulize ombi lako liko wapi. Wakikujibu mtandao unasumbua, waulize daftari la makosa la seva linasema nini saa ile. Uliza hivyohivyo, kwa maneno hayo.

Binti yetu nilimlazimisha afanye hivyo. Aliandika kwa mkono, kurasa mbili, nakala mbili, akashuka kwa gari la asubuhi mpaka Usa River, akapanda Hiace hadi mjini. Kwenye ofisi ileile iliyommeza mara nne alikuta dirisha dogo la masijala na mzee mmoja mwenye miwani. Akamwamkia. Mzee akapokea, akasoma ukurasa wa kwanza hadi mwisho, akageuza.

"Mwanangu, ukurasa wa pili hujasaini."

Akampa kalamu. Akasubiri. Akagonga muhuri nakala zote mbili, akaandika tarehe na namba kwa wino, akamrudishia moja.

Binti alinipigia simu akiwa bado kwenye ngazi za ofisi. "Mjomba," aliniambia, "huyu baba ameisoma."