Uzito wa mtoto si mzigo wa mama peke yake



Juma hili tunazungumza juu ya watoto wanaonenepa kupita kiasi. Tunajua wengine mtauliza: katika inchi ambayo watoto wengi hawashibi, unene unatuhusu nini? Swali hilo ni la haki. Uchunguzi wa taifa wa 2017-2018 ulionyesha kwamba karibu watoto 42 kwa 100 wenye chini ya miaka 5 katika Kongo yetu wamedumaa, ni kusema kimo chao hakilingani na umri wao. Njaa ndiyo adui wa kwanza, na hatutamsahau.

Lakini mjini adui wa pili ameingia, na anasimama penye mlango wa shule: bombo, biskwi, mandazi yenye kulowa mafuta, sukre ya chupa na ya mfuko. Chupa moja ya sukre ya santilita 33 inabeba sukari karibu vijiko 8 vidogo. Hakuna mama anayeweza kutia vijiko 8 katika kikombe kimoja cha chai ya mtoto, lakini katika chupa hatuvioni.

Tena maadui hawa wawili wanaweza kulala katika nyumba moja. Mtoto aliyekosa chakula kizuri katika miaka 2 ya kwanza, kisha akazoezwa sukari na mafuta mengi, ni rahisi anenepe bila kurefuka, na akiwa mkubwa yuko karibu zaidi na ugonjwa wa sukari na wa tansio. Mtoto mnene anaweza pia kukosa damu na vitamini. Tumbo limejaa, mwili haukupata kitu.

Kwetu unene unasifiwa. Jirani akimwona mtoto mwenye mashavu makubwa anasema baba yake ana kazi. Lakini siku muganga anaposema uzito umezidi, macho yote yanamgeukia mama: wewe ndiye unayemlisha. Ndiyo sababu tunapenda kuwaeleza habari ya mji mmoja uliokataa kumwachia mama mzigo huu peke yake.

Mji huo ni Amsterdam, katika inchi ya Uholanzi. Katika mwaka wa 2012, watoto 21 kwa 100 wa mji huo walikuwa na uzito uliozidi, na wengi wao walikaa katika mitaa ya watu wenye mapato madogo, kati yao jamaa zilizotoka Suriname, Ghana, Moroko na Uturuki. Eric van der Burg, kiongozi aliyesimamia afya na michezo katika serikali ya mji, alikuwa wa chama ambacho kwa kawaida hakipendi serikali iingie katika mambo ya nyumba. Hata hivyo yeye ndiye aliyesimamia mpango huo. Walijiwekea muda mrefu: watoto wote wa mji wawe na uzito mzuri kufikia mwaka wa 2033.

Walifanya nini? Shule zilizoingia katika mpango ziliomba watoto walete maji au maziwa tu, si juisi wala sukre. Siku ya kuzaliwa ya mtoto, zawadi ya kugawia wenzake darasani haikupaswa kuwa bombo. Wauguzi wa watoto walifuata jamaa moja moja, wakaingia nyumbani na kuuliza mengi kuliko chakula: mtoto analala saa ngapi? Anacheza wapi? Mama ana deni? Mji ulikataa pia kutia mkono katika sherehe za michezo zinazolipiwa na makampuni ya sukre na ya vyakula vya haraka. Wazazi walifundishwa mambo mepesi: kula asubuhi, kula pamoja mezani, kunywa maji, kulala mapema, kwenda shuleni kwa miguu au kwa kinga.

Kufikia 2015, hesabu ya mji ilishuka kutoka 21 hadi 18 na nusu kwa 100, na hata watoto wa jamaa maskini walipungua uzito. Si muujiza, kwa maana watoto wengi walibaki na uzito uliozidi. Lakini katika miji mingi ya dunia hesabu hiyo ilikuwa inapanda tu.

Mbele yao, miji miwili midogo ya kaskazini mwa Ufaransa, Fleurbaix na Laventie, ilikuwa imeanza kazi ya namna hiyo tangu 1992. Walianza na masomo ya chakula shuleni, kisha wakawaingiza meya, waganga na wenye maduka. Katika mwaka wa 2004, watoto wenye uzito uliozidi huko walikuwa karibu 9 kwa 100, huku katika miji ya jirani waliyolinganishwa nayo wakikaribia 18.

Sasa turudi kwetu. Hatuwezi kuiga kila kitu, lakini jambo moja linatugusa moja kwa moja: maji. Kule, kila shule ina robinet. Kwetu kuna shule nyingi ambamo mtoto anakaa tangu asubuhi hadi saa za adhuhuri bila tone la maji ya kunywa. Akitoka na kiu na franga chache mkononi, atanunua nini? Kukataza sukre katika shule isiyo na maji ni kumkataza mtoto kunywa. Basi ombi letu la kwanza kwa burgumestre na kwa wakubwa wa shule ni hili: pipa safi lenye robinet, maji yaliyotiwa dawa, na vikombe. Sukre tutaizungumza baada ya hapo.

Jambo la pili ni wauzaji. Wengine wanasema wafukuzwe penye milango ya shule. Sisi hatukubali. Wauzaji hao ni dada zetu, na bombo hizo ndizo zinazolipa shule ya watoto wao. Wanalipa pia kodi ya soko. Tuombe komini iwape nafasi nzuri na kupunguza kodi kwa yule anayeuza ndizi, avoka, karanga, mahindi ya kuchoma au yai la kuchemsha. Na sisi wazazi tununue kwao, la sivyo maneno yetu ni ya bure.

Jambo la tatu ni kiwanja. Mtoto wa shule anahitaji kucheza na kutembea hata saa moja kila siku. Kipande cha kiwanja cha shule kikianza kuuzwa kwa kujenga, hapo ndipo wamama wanapaswa kusimama mbele ya shefu wa kartie, kabla ya ukuta kuinuka.

Nyumbani, tunyonyeshe maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Tusiache kupeleka mtoto kilo hata kama anaonekana mnene. Sombe, lengalenga, maharagi na ndagala visidharauliwe kama chakula cha maskini. Tupunguze mafuta katika sufuria, na sukari katika chai. Na mtoto mnene asitukanwe wala asinyimwe chakula: jamaa yote ibadilishe sahani, si yeye peke yake.

Kazi ya juma hili kwa kila kikundi: siku ya likelemba, chagueni shule moja iliyo karibu. Mama wawili waende kuangalia kama kuna maji ya kunywa, na wahesabu kinachouzwa mlangoni. Leteni majibu kwa katibu wa kikundi chenu. Tutayakusanya katika barua moja na kuipeleka komini pamoja, kwa maana barua ya mama mmoja inaweza kusahauliwa mezani, lakini barua ya vikundi vyote inaombewa jibu.

Mbaki na amani. Tutaonana juma lijalo.