Uvira: Mhami anahitaji pia kaye, na watu wa kumsikiliza

Katika kata ya Kasenga, mjini Uvira, yuko mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekimbia vita katika bonde la Ruzizi pamoja na watoto wake wanne. Familia iliyompokea ilikuwa tayari na watu saba ndani ya vyumba viwili. Alipotoka kwake alibeba bidoni, sufuria, blanketi na bahasha ya karatasi za shule za watoto. Kitabu hata kimoja hakubeba. Nani atamlaumu? Mtu anayekimbia risasi hasimami mbele ya kabati kuchagua vitabu.

Wiki iliyopita mama huyo alisoma tena, mara ya kwanza tangu afike mjini.

Jirani, muuguzi mzee, alimuazima riwaya ya V. Y. Mudimbe, Entre les eaux, iliyotoka mwaka wa 1973. Ilikuwa haina jalada na kurasa za mwanzo zimepotea. Jumatatu aliisoma bombani, akisubiri zamu ya maji. Wenzake kwenye mstari walimcheka kidogo, kisha mmoja akamuuliza: “Mwalimu, kinasema nini hicho?” Akawaeleza kwa Kiswahili: padri mmoja, Pierre Landu, anaacha kanisa lake na kuingia porini kwa waasi, akidhani huko ndiko haki iliko, na huko porini nako hawamuamini. Hapo mstari wote ulinyamaza. Kichwa cha kitabu kinamaanisha kuwa kati ya maji na maji, na mkaaji wa Uvira hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mbele yake ni ziwa Tanganyika, nyuma ni mito inayoshuka milimani, na watu hawajasahau namna mto Mulongwe ulivyobomoa nyumba mwezi wa nne mwaka wa 2020.

Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka wa 1941 na aliaga dunia mwaka wa 2025. Wengi katika ule mstari wa maji hawakuwa wamewahi kusikia jina lake. Aibu hiyo si yao. Kitabu cha Mkongomani kuonekana Uvira ni kama bahati, na kikionekana kiko kwa Kifaransa kigumu. Vitabu vya Kiswahili navyo vinatoka Tanzania, ndani ya mizigo ya wale waliorudi kutoka kambi ya Nyarugusu.

Jumatano kitabu kikaisha. Siku mbili zilizofuata mama huyo alisoma alichokipata: kitabu cha masomo cha mtoto, Biblia ya mwenye nyumba, hata karatasi iliyofungiwa karanga. Na ndipo shida ikaanza. Maneno yalimjaa kichwani na hakuwa na mtu wa kumwambia. Usiku wa Ijumaa alichukua kaye ya mwanawe, akaigeuza nyuma, akaanza kuandika majina ya watu kuanzia mlango wake wa zamani hadi barabara kubwa: nani alikaa wapi, nani alikuwa na mwembe, nani alimkopesha chumvi. Asubuhi mtoto alidai kaye yake kwa sababu ya hesabu za shule. Hapo mwalimu mzima alikosa jibu.

Jambo hili linapaswa kuwashtua wale wanaopanga misaada. Mhami anaandikwa kila mara: jina lake, idadi ya watu nyumbani, namba ya jetoni. Anaandikwa na wengine. Yeye mwenyewe akitaka kuandika mstari mmoja, lazima aibe kurasa za mtoto wake.

Muuguzi yule yule ndiye aliyemuelekeza kwa kikundi kinachokutana Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe, nyuma ya karakana ya fundi cherehani. Ni watu watano tu. Kuna fundi mwenyewe, dereva wa pikipiki, msichana anayemaliza shule ya sekondari, kijana aliyekulia Nyarugusu, na mvuvi mzee asiyejua kuandika, ambaye husema na msichana huandika. Kila mmoja analeta ukurasa mmoja, anausoma kwa sauti, na wengine wanasema walipopotea njia. Kikundi hakina jina, hakina mhuri, hakina mwekahazina. Heri kibaki hivyo, maana Uvira watu watatu wakikutana Jumatatu, Alhamisi tayari wamechagua rais na wameanza kugombania mchango.

Wanabishana sana kuhusu lugha. Kijana wa Nyarugusu anaandika Kiswahili cha Kigoma na anarekebisha kila mtu. Dereva anaandika jinsi anavyoongea stendi, Kifaransa na Kiswahili pamoja, na hataki kuguswa. Dereva ana haki zaidi. Katiba ya mwaka wa 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini haikusema kinapaswa kuwa Kiswahili cha mtu mwingine. Kurekebisha kuna wakati wake. Mtu aondoe kwanza kile kilichomkaa kifuani.

Wako wanaosema kuandika ni anasa ya watu walioshiba. Hoja hiyo ina uzito. Mtoto mwenye njaa halishwi kurasa. Ila mwaka wa 1964, wakati uasi wa Simba ulipokuwa umeenea Uvira na Fizi, kule Kinshasa, iliyoitwa bado Léopoldville, msichana mmoja, Clémentine Nzuji, alianzisha kikundi cha vijana washairi kilichoitwa Pléiade du Congo. Alikuwa hata hajafikia miaka ishirini na moja. Kama vijana wale wangengoja inchi itulie kwanza, wangezeeka wakingoja.

Hoja ya pili ni nzito kuliko njaa: karatasi inaweza kuua. Mtu akikutwa kwenye kizuizi na kaye yenye majina, nani atamsikiliza akisema ni hadithi tu? Wale chini ya mwembe wanalijua hilo. Walikubaliana kwamba hakuna atakayeandika jina la mwenye bunduki wala la kiongozi wake, na hakuna atakayesafiri na kurasa zake. Na kwa kuwa zinasomwa kwa sauti, wenzake wanne wanabaki nazo kichwani hata kama karatasi imelowa au imechomwa. Anayeandika peke yake chumbani hana akiba hiyo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kukutana, kuliko kutaka sifa ya kuitwa mwandishi.

Kinachoombwa si maktaba yenye vioo. Ndani ya vifurushi vya sabuni na bidoni, mashirika ya kiutu yaweke kaye moja na kalamu kwa mtu mzima pia. Wakuu wa shule wafungue darasa moja Jumapili mchana, maana msimu wa mvua mwembe hausaidii. Na redio za hapa, ambazo hutoa saa nzima kwa matangazo ya wanasiasa, zitoe dakika tano kwa ukurasa mmoja wa mhami, asomewe bila jina lake ikiwa ataka.

Jumapili iliyopita mama mwalimu alifika na majina yake kwenye karatasi ambayo fundi hukatia mifano ya nguo. Alisoma hadi kwa yule jirani wa chumvi, akasimama, hakuweza kuendelea. Msichana akachukua karatasi akamalizia. Mvuvi mzee akauliza kama mwembe ule ulikuwa wa maembe madogo au makubwa, na wakarudi mwanzo.